Mawasiliano baina ya michakato ndani ya Flatpak

Umesakinisha kihariri cha picha kwenye Linux kwa Flatpak, mfumo wa kusakinisha programu ambao huifungia kila programu ndani ya kisanduku chake. Programu yenyewe haina ruhusa ya kuona folda zako, lakini ukibofya "Fungua" linatokea dirisha lenye faili zako zote. Siri yake ni kwamba dirisha lile si la kihariri.

Mchakato ni programu ikiwa kazini. Michakato inapopelekeana ujumbe au data, hayo ndiyo mawasiliano baina ya michakato. Kwenye kompyuta ya Linux yenye madirisha, njia kuu ni D-Bus: programu hujisajili kwa jina, na anayeliita jina hilo ujumbe wake unafika. Tatizo ni kwamba hapo kila mmoja anaweza kumwita karibu kila mwenzake. Kuta za kisanduku zitasaidia nini ikiwa aliyefungiwa anaweza kumpigia kelele systemd, msimamizi wa huduma za mfumo aliye nje, amwendeshee amri?

Ndiyo maana Flatpak humweka bawabu, xdg-dbus-proxy. Soketi (mlango wa mawasiliano) inayoonekana ndani ya kisanduku ni yake, na kila ujumbe hupita mikononi mwake. Kuna ngazi tatu: kuliona jina, kuongea nalo, na kulimiliki. Bila ruhusa ya ziada, programu humiliki jina lake yenyewe na kuongea na zile huduma za nje ziitwazo potali, zinazopokea maombi yake, basi.

Turudi kwenye kihariri chetu. Ukibofya "Fungua", ombi linakwenda kwa xdg-desktop-portal, huduma ya potali iliyo nje. Huko mazingira yako ya madirisha, GNOME au KDE, ndiyo yanayochora dirisha. Ukichagua harusi.jpg, faili hiyo moja inajitokeza ndani ya kisanduku chini ya /run/user/1000/doc/ (1000 ni namba ya mtumiaji, yako huenda ni nyingine). Picha zilizo jirani nayo hazionekani. Kule kuchagua kwako ndiko kutoa idhini, na kwa maoni yangu ni ustadi mkubwa kuliko vile vidirisha vya "Ruhusu?" ambavyo watu huvibofya bila kusoma.

Usichanganywe na ruhusa ya --share=ipc. Jina lake linapotosha: hiyo ni ya kumbukumbu ya pamoja, ambayo X11, mfumo wa kuonyesha madirisha, huitumia kuharakisha picha, na haiigusi D-Bus.

Kagua programu zako kwa flatpak info --show-permissions ikifuatiwa na jina la programu. Ukikuta org.freedesktop.Flatpak=talk, jambo ambalo ni la kawaida kwa vihariri vya msimbo, fahamu kuwa programu hiyo inaweza kuendesha amri yoyote nje ya kisanduku, kwa jina lako.