Je, wajua bendi kubwa inapigaje shoo Berlin Jumamosi na Amsterdam Jumatatu wakati steji yake inajengwa siku kadhaa?

Hapa Mbeya shoo kubwa ikija uwanja wa Sokoine tunaona wenyewe vyuma vinashushwa mapema, mafundi wanapanda juu na mikanda, kreni inalia kutwa nzima, na hiyo ni steji ya kawaida tu. Sasa angalia ratiba ya U2, ile bendi ya Ireland, mwaka 2009 kwenye ziara yao ya 360°. Walianza Barcelona tarehe 30 Juni, wakarudia pale pale 2 Julai, Milan tarehe 7 na 8, Paris 11 na 12, Nice 15, Berlin 18, Amsterdam 20 na 21. Na steji yao ilikua dude la chuma lenye miguu minne, refu karibu mita 50, limekaa uwanjani watu wamelizunguka pande zote. Kutoka Berlin mpaka Amsterdam katikati kuna siku moja tu, tarehe 19. Hilo dude lilifunguliwa saa ngapi, likasafiri saa ngapi, likafungwa saa ngapi?

Jibu ni kwamba halikusafiri. Walikua nayo matatu. Fikiria mtu mwenye turubai za kukodisha pale Mwanjelwa ambaye Jumamosi ana harusi tatu, hawezi kusubiri harusi ya kwanza iishe ndio akafunge ya pili, lazima awe na turubai tatu na vijana makundi matatu. Ndo hivyo hivyo. Seti moja ya vyuma imesimama uwanjani bendi inapiga, ya pili inafungwa mji unaofuata, ya tatu inafunguliwa mji waliotoka au iko barabarani tayari inauruka mji mmoja mbele. Kila seti ya vyuma peke yake inakula malori zaidi ya thelathini, na ukijumlisha msafara wote ulikua malori kama 120 hivi.

Vitu ambavyo kawaida havinunuliwi mara tatu ni vile vya bei kali na vya kuhesabika, yaani maspika, taa, skrini, mixer na vyombo vya wanamuziki. Hivyo vinatembea na bendi. Shoo ikiisha usiku watu wanatoka getini huku mafundi washaanza kufungua nyaya, kila kitu kina boksi lake lenye magurudumu na kila boksi lina lori lake na nafasi yake ndani ya lori, kwa sababu kitu kitakachohitajika kwanza kesho kinapakiwa mwisho leo. Mtu akichanganya hapo asubuhi wanalia. Sheria za Ulaya nazo hazina mchezo, dereva akiendesha masaa manne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku kawaida masaa tisa tu, kwa hiyo safari ndefu lori moja linabeba madereva wawili wanapokezana.

Mtu atasema kwao barabara nzuri. Kweli, ila cheki umbali, Milan mpaka Paris ni kama km 850, karibu sawa na Dar mpaka Mbeya. Tofauti kubwa naiona kwenye mipaka. Hispania, Italia, Ufaransa, Ujerumani, lori linapita halisimami. Sisi ambao tumeona foleni ya malori Tunduma tunajua mpaka unaweza kula siku ngapi. Bendi ikitoka nje ya Umoja wa Ulaya inatumia karatasi inaitwa ATA carnet, ipo tangu mkataba wa Brussels wa 1961, inaorodhesha kila gitaa na kila spika kwamba vinaingia vitatoka, havilipiwi ushuru. Kama nchi haipo kwenye huo mkataba, kazi inahamia kwa mawakala wa forodha na muda unaliwa.

Na muda ndio pesa yenyewe. Meneja wa U2 alisema ule msafara ulikua unakula kama dola 750,000 kwa siku, wapige wasipige, maana watu na malori vinalipwa hata vikiwa vimekaa. Ndio maana Bono, mwimbaji wao, alipoumia mgongo Mei 2010 na shoo za Marekani zikasogezwa mpaka 2011, lilikua pigo kwelikweli. Ziara ilikuja kuisha 30 Julai 2011 ikiwa na shoo 110 na tiketi zaidi ya milioni 7.

Umeme nao wanakuja nao, majenereta yao, hawategemei wa uwanja. Coldplay, bendi ya Uingereza, tangu 2022 wameongeza betri zilizotoka kwenye magari ya BMW na sakafu inayozalisha umeme mashabiki wakiruka, napenda sana hilo wazo.

Sasa kwa nini bendi kubwa kama hizi hazifiki huku? Watu tupo, na mziki tunaupenda kufa. Shida ni mji unaofuata. Malori 120 yanalipwa na viwanja vingi vikubwa vilivyofuatana, ukimaliza Mbeya viwanja vikubwa kweli viko mbali, Dar au Lusaka, na kote huko hesabu ya tiketi lazima ikubali. Afu Sokoine ina ligi, Mbeya City na Prisons wanautegemea, wakati Ulaya ziara nyingi za viwanjani zinabanwa Juni mpaka Agosti mpira ukiwa mapumziko.

Inayowezekana ni bendi ndogo isiyobeba vyuma. Watu watano, magitaa na laptop, wanatua uwanja wa ndege wa Songwe asubuhi na jioni wanapiga. Ila steji, maspika na jenereta kama vinakodishwa Dar inabidi vitoke siku mbili tatu kabla, na semi moja ikilala pale mlima Kitonga ratiba yote inasubiri.