Nox si usiku, na vim-tiny si toleo la zamani

Wiki hii ni mara ya tatu namsikia mtu akisema seva yake ina "toleo la zamani la vim" (programu ya kuhariri maandishi), anataka kulisasisha. Nikamuuliza ana ipi. Kumbe ana vim-tiny ya Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Akibonyeza mshale wa juu huku anaandika, inamchapia herufi A. Akaona hiyo lazima ni ya kale.

Si ya kale. Kwenye hazina ya programu ya Debian, msimbo chanzo mmoja wa vim hukompailiwa (hugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa) mara kadhaa, kila mara kwa machaguo yake, vikatoka vifurushi kadhaa: vim-tiny, vim, vim-nox, vim-gtk3. Hivyo ndivyo vibadala. Kwenye terminali andika apt policy vim-tiny vim-nox uone: namba ya toleo ni ileile.

Toleo limetokana na kutoa. Gazeti la jana na la leo ni matoleo mawili, maana moja lilitangulia kutolewa. Neno hilo linataja umri. Kibadala kinataja umbo. Vibadala vya vim ni ndugu waliozaliwa siku moja. Tena umbo hilo huamuliwa wakati wa kukompaili: hiliki usiyoitia ukikanda unga, huwezi kuitia andazi likishaiva. (Ile A ya mshale ni mipangilio tu, :set nocompatible inaiondoa. Lakini Python, lugha ya programu, haimo ndani ya vim-tiny, na hakuna mpangilio wa kuiingiza.)

Halafu kuna nox. Mwingine alidhani vim-nox ni ya kuandikia gizani, kwa kuwa nox kwa Kilatini ni usiku. Amesoma, simlaumu. Ila hapa ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyobanwa pamoja, no na X: "bila X". X ni mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini ulioanzia chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na jina lake halina fumbo lolote. Mtangulizi wake aliitwa W, na baada ya W inakuja X. W yenyewe ilitumika kwenye mfumo endeshi ulioitwa V. Watu wale walikuwa wanafuata alfabeti tu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba vim-nox imenona kuliko vim ya kawaida: ina lugha za programu za Perl, Python, Ruby, Lua na Tcl. Jina linataja kilichoachwa, linanyamazia kilichoongezwa. Madirisha yameachwa kwa sababu seva isiyo na skrini haina haja ya kubebeshwa maktaba za GTK, za kuchorea madirisha.

Basi mwenzangu hana cha kusasisha. Asakinishe vim-nox kando ya ile tiny, zinakaa pamoja bila ugomvi. Na ile tiketi ya kuomba msaada aliyoiandika "vim imepitwa na wakati", aibadilishe kichwa: "naomba kibadala kingine cha vim."