Nyasi na Mikunde Shambani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Ng'ombe akijaza tumbo kwa nyasi, ameshiba." Dhana hii ndiyo inayowatia wafugaji hasara kubwa, kwa sababu tumbo lililojaa linaonekana ila njaa ya protini haionekani. Nyasi za kitropiki kama matete (majani ya tembo) hukua haraka, na haraka hiyo hiyo hukomaa na kuwa bua tupu. Protini ghafi (makadirio ya protini yote katika chakula kikavu) ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyuzinyuzi hukosa naitrojeni. Chakula hukawia tumboni, mnyama hupunguza kula, na maziwa hushuka huku hori limejaa. Majani ya mikunde, yaani mimea ya jamii ya kunde kama desmodiamu, lablab au mti wa lusina (Leucaena), yana protini mara mbili ya kiwango hicho au zaidi, tena hayaipotezi upesi. Ukiyachanganya, hata nyasi ngumu humeng'enywa vizuri zaidi.

"Mikunde huzipa nyasi mbolea papo hapo." Si papo hapo. Naitrojeni inayonaswa na bakteria wa mizizini hutumiwa kwanza na mkunde wenyewe. Nyasi hupata fungu lake polepole, majani na mizizi ikioza, na kupitia samadi na mkojo. Na huenda bakteria wenyewe hawafanyi kazi. Chimbua mche uliokwisha kukua, usiung'oe kwa kuvuta, kisha pasua kifundo cha mzizi (kivimbe kidogo wanamokaa bakteria hao) kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi, naitrojeni inanaswa. Kukiwa kweupe au kijivu, shuku kwamba udongo umepungukiwa fosforasi, au mbegu zilipandwa bila bakteria wanaozifaa. Kumwaga mbolea nyingi ya yurea yenye naitrojeni si dawa: nyasi zitafumuka na kuifunika mikunde uliyoihangaikia.

"Mikunde huvimbisha ng'ombe tumbo." Alfalfa na klova mbichi ndizo hasa zenye hatari hiyo, zaidi kwa mnyama mwenye njaa kali. Desmodiamu ina tanini, kemikali ya mmea inayozuia povu la gesi tumboni. Lusina ina tatizo jingine, sumu ya mimosini. Isizidi theluthi ya mlo, na farasi asipewe kabisa.

"Mchanganyiko wa nyasi na mikunde ukishaota hujitunza." Hapana. Ukikata desmodiamu hadi chini, unaondoa vichipukizi vyake. Acha sentimita 10 hadi 15. Malisho yakiliwa mfululizo, mikunde ndiyo hutoweka kwanza. Ukiona imebaki mmoja hapa, mwingine kule, punguza mifugo au refusha mapumziko ya shamba kabla ya kununua mbegu mpya.