Mhafidhina si adui wa mabadiliko

Hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, siasa zikipamba moto utasikia mtu akiitwa "mhafidhina", maana yake eti hataki chochote kibadilike. Sivyo.

Mtazame fundi mitumbwi. Anang'oa ubao uliooza, anapachika mpya, anaziba nyufa kwa pamba. Mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba mtumbwi, ukiwa mzima hauugusi. Ndivyo alivyofikiri Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi wa Uingereza wa karne ya 18. Mwaka 1790 aliyashambulia Mapinduzi ya Ufaransa, lakini alishikilia kwamba dola isiyo na njia ya kujirekebisha haina njia ya kujihifadhi. Alichopinga ni kuuchoma mtumbwi mzima kwa sababu ya ubao mmoja.

Tena wahafidhina hawafanani. Huko Uingereza, mwaka 1867, Benjamin Disraeli, mwanasiasa wa chama cha Conservative, yaani Wahafidhina, alisimamia sheria iliyowapa wafanyakazi wengi wa mijini haki ya kupiga kura. Margaret Thatcher, wa chama hichohicho, aliingia madarakani 1979 akauza mashirika ya umma; aliamini soko huria. Wengine hutanguliza dini na familia, nao hugongana na wapenda soko. Mwaka 1986 muswada wa serikali ya Thatcher wa kuruhusu maduka kufunguliwa Jumapili uliangushwa bungeni, na wabunge wengi wa chama chake walikuwa miongoni mwa waliosema hapana.