Medali ya siku 90 na medali ya ushujaa

Kijana mmoja anayenunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alinifuata nyumbani na boksi la dawa ya meno. Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na medali ya shaba.

"Shikamoo mwalimu. Ni ya marehemu kaka, alikwenda Kongo na jeshi. Fundi anajengea kaburi, anasubiri maneno. Tuandike 'Medali ya Ushujaa'?"

Nimefundisha historia miaka mingi, na medali za wastaafu mtaani kwetu huishia mezani kwangu. Nikaigeuza. Mbele ina nembo ya Umoja wa Mataifa, nyuma maneno ya Kiingereza yanayosema: katika utumishi wa amani. Hii hupewa askari aliyetimiza siku 90 kwenye misheni. Mpishi anapata, dereva anapata, na aliyekuwa mstari wa mbele anapata ileile. Sisemi ni kitu kidogo. Kalale wewe siku 90 kule Beni, mashariki mwa Kongo, halafu uje tuongee.

Anayefia kazini ana yake: medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa mwaka 1997. Ni kioo chenye umbo la yai, kimechongwa jina la marehemu na tarehe ya kifo. Inakwenda kwa familia. Hata hiyo haiulizi mtu alikufa akifanya nini. Ajali ya gari nayo ni kifo cha kazini.

Inayouliza ni ya tatu, na ina jina la Kapteni Mbaye Diagne. Huyu alikuwa Msenegali, mwangalizi wa kijeshi wa UN, asiye na silaha, mjini Kigali, Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Aliwapakia watu waliokuwa wakiwindwa, wachache wachache, kwenye gari na kuwavusha kwenye vizuizi, akiwatania wanamgambo na kuwagawia sigara. Tarehe 31 Mei kombora likamuua, naye akiwa kwenye kizuizi. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria mwaka ule tunaukumbuka kwa namna yetu: Mto Kagera ulikuwa ukileta maiti ziwani. Mama aligoma kabisa kununua samaki, tukala maharage hadi tukayachukia.

Baraza la Usalama lilianzisha medali hiyo mwaka 2014, na ya kwanza ikapewa familia ya Diagne mwenyewe mwaka 2016. Mwaka 2019 ikaenda kwa Praiveti Chancy Chitete wa Malawi, naye akiwa marehemu. Novemba 2018, huko Kididi karibu na Beni, Wamalawi na Watanzania walikuwa wakipambana na waasi wa ADF. Koplo mmoja wa kwetu alijeruhiwa vibaya akabaki mahali pa wazi, hawezi kusogea, huku wenzake wakirudi nyuma chini ya risasi. Chitete akamfuata, akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Hapo ndipo naye alipopigwa. Koplo alipona.

Nilimweleza kijana kwamba tofauti iko hapo. Siku 90 zinahesabiwa na karani akiwa ofisini. Ushujaa lazima uwe na aliyeuona, akabaki hai, na akasimulia kwa watu wenye kalamu. Kwa hiyo wapo waliofanya makubwa ambao hawana kitu kifuani, kwa sababu aliyewaona naye hakurudi.

"Basi huenda kaka naye..."

"Huenda. Lakini medali hii haisemi hivyo, na simenti haifutiki."

Akafunga boksi lake bila neno, nikadhani nimemuudhi. Wiki iliyofuata akanitumia picha kwa WhatsApp: jina, miaka, na chini yake "Alitumikia amani Kongo". Fundi hakupima vizuri. Herufi za mwisho zimebanana ukingoni, na ile "o" imekaa juu kidogo ya wenzake.