Kumsaidia mtoto kusoma kuanzia nyumbani, hasa maana yake nini?

Mwalimu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, akisema kwa mkutano familia zimsaidie mtoto kusoma, wazazi wengi huku Mombasa wanafikiria homuwaki na tuisheni, na mama asiyesoma sana anajitoa mapema, ati hiyo ni kazi ya babake. La, sio hivyo.

Maana yake ni watu wa nyumbani, mama, baba, nyanya, hata kakake mkubwa, kumzoesha mtoto hadithi, maneno na maandishi tangu mdogo, tena kwa lugha wanayoongea wenyewe. Hapo kwa lugha ndo watu hukosea. Ploti moja ya Kisauni utapata Mgiriama, Mkamba, Mluo na Msomali, na kila mmoja anaogopa lugha yake itamchelewesha mtoto Kiingereza, kumbe mtoto mwenye maneno mengi ya kwao anapata urahisi akianza lugha ya pili. Hata sera ya elimu inataka madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini nasari nyingi za praiveti ni Kiingereza tu, ndo kinachovutia karo.

Sasa chukua nyanya hajui herufi hata moja. Usiku anatega kitendawili, kuku wangu katagia miibani, mtoto anawaza wee, akishindwa anatoa mji, anaambiwa nanasi. Pale amesikiliza, amekisia, ameshika maneno mapya, na hiyo ni nusu ya kazi ya kusoma. Nusu ingine iko kwa kamba ya nguo: leso ina jina, yale maandishi yake, kwa herufi kubwa, mpitishe kidole, mtafutie MA iko wapi. Kiswahili a ni a siku zote, akishika ba be bi bo bu haya, anasoma.

Na anayeenda chuoni, yaani madrasa, tayari anajua kuwa alama ina sauti, ila kule Kiarabu kinasomwa kutoka mkono wa kulia. Nasari za madrasa zilizoanzia hapa Mombasa miaka ya 1980 ziliona hilo mapema, zikaweka dini na masomo ya kawaida pamoja.

Kitabu cha Kidigo hakuna nyumbani? Mtoto asimulie vile feri ya Likoni ilijaa leo, kakake aandike kwa daftari maneno yaleyale aliyosema, kisha wamsomee huku akionyeshwa jina lake liko wapi.