Ukipiga siluweti ya ndege, angalia shingo kwanza

Watu wakiniuliza siluweti za ndege, yaani picha ambayo ndege ni umbo jeusi tu mbele ya anga lenye mwanga, napigaje, wanataka niwatajie namba za kamera. Namba nitatoa, ni rahisi, ila mi nikifika Ziwa Naivasha kitu cha kwanza naangalia ni shingo ya ndege.

Maji ya Naivasha yalipanda sana 2020 yakaingia mpaka kwenye migunga ya ufukweni, miti ikafa imesimama hivo hivo majini, na sa hizi matawi makavu ndo viti vya minandi, wale ndege weusi wa majini, na furukombe, yule tai mla samaki. Asubuhi unaweka boti upande wa magharibi wa miti, jua linatokea nyuma yake. App itakwambia linachomoza saa 12:30 lakini kuna milima ya Nyandarua kule mashariki, kwa hiyo linachungulia baadaye kidogo, na kwa vile hapa tuko karibu na ikweta likishatoka linapanda wima, ile rangi ya chungwa haikai. Ukisema umalizie chai kwanza, imekula kwako.

Kamera ukiiachia yenyewe inaona giza kubwa la miti, inaongeza mwanga, anga linabaki jeupe pe. So pima mwanga wa anga, kando ya jua, jua lenyewe lisiingie kwenye kipimo, halafu funga hapo. Mi natumia manyuo, yaani kuseti kila kitu mwenyewe, naanza na shata (kasi) 1/1000, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400, napunguza mwanga kadiri jua linavyopanda. Hutaki manyuo, kompensesheni, ile ya kuiambia kamera ipunguze au iongeze mwanga, -1 mpaka -2 inatosha. Waiti balansi, ile seti ya rangi ya mwanga, weka ya mawingu, oto inaifua ile chungwa yote. Na kama kamera yako ni ya kioo (DSLR) usichungulie jua moja kwa moja na lenzi ndefu, jicho halina spea.

Sasa shingo. Mnandi na mbizi, ndege mwingine wa majini anayefanana naye, wote hutandaza mabawa kukausha, na ukiwatoa rangi kinachowatofautisha ni umbo tu: mbizi shingo nyembamba imepinda, mdomo kama sindano, mnandi mdomo una kandoano mwishoni. Akikuelekea uso kwa uso hivo vyote vinapotea, unapata jiwe juu ya mti. Subiri ageuze kichwa pembeni, mwanga upite kati ya mdomo na tawi. Wawili wakipishana wanakuwa donge moja lenye miguu minne. Anayeruka, bonyeza mabawa yakiwa juu au chini, yakinyooka sawa na macho yako yanabaki mstari tu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutaka vyote. Nilipata furukombe mzuri dhidi ya jua, nikafika nyumbani roho ikaniuma kuona kile kichwa cheupe kimekuwa cheusi tii, nikavuta shado, yaani kuangaza sehemu za giza, kwenye kompyuta mpaka mwisho. Ndege akawa wa kijivu na chengachenga kama TV ya zamani. Nikamtumia mteja, akauliza, "huyu ni kunguru?" Tangu siku hiyo naamua kabla sijabonyeza: ama mweusi kabisa, ama nataka manyoya, na nikitaka manyoya naenda kompensesheni +1 au +1.5 na anga liungue, liwe jeupe, likitaka. Hiyo ya pili inampendeza sana yangeyange, bawa lake jeupe jua likipita ndani linawaka kama karatasi ya taa. Mdiria mimi simpigi hivi, kumnyima rangi zake ni dhambi.

Juzi mnandi mmoja alinipa mgongo karibu nusu saa. Nikachoka, nikaweka kamera mapajani nichukue maji, nahodha akaninong'oneza, "bosi, amegeuka." Nikainua haraka. Nina mkia, umetoka vizuri sana.